Tulipomtafuta Nyigu Dume

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Ni vichupa vya kioo, vyembamba kama kidole cha mtoto, vinagongana ndani ya mfuko wa koti la mwanamume anayepanda njia ya nyumbani kwa haraka. Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo shingo yangu inageuka yenyewe. Juzi ilinikuta kwenye duka la dawa za mifugo, hapa Lemara ninakoishi. Muuzaji alifungua friji anitolee chanjo ya kuku, vichupa vikagongana kwenye trei, nami nikageuka kuangalia mlangoni.

"Dada, unamsubiri mtu?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nipe tu chanjo yangu. Nikatoka, nikalia kidogo kando ya barabara, halafu nikajicheka, maana ndivyo nilivyo, kilio changu hakidumu. Lakini njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nimerudi kwetu, juu ya Kikatiti, kule barabara ya vumbi inakoachana na lami na kupanda mlima mpaka kwenye migomba na kahawa.

Baba yangu alifuga nyigu. Ukisema hivyo watu hukunja uso wakifikiria wale wakubwa wa kwenye dari, wanaouma mpaka jicho linafumba. Wa Baba hawakuuma mtu. Walikuwa wadogo kuliko punje ya ulezi, weusi, ukimpuliza mmoja hujui amekwenda wapi. Baba alikuwa msaidizi kwenye kituo cha utafiti wa mazao. Wenzake pale walikuwa na kazi za kueleweka, huyu dereva, yule mtunza miche, na yeye kazi yake ilikuwa kukaa na wadudu. Kijijini walimwita Baba Nyigu. Akipita kwenye vilabu vya mbege walimpigia kelele, "Baba Nyigu, leo wamezaa wangapi?" Naye anajibu bila kusimama, "Wengi kuliko wako!"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kunguni wa kahawa, mdudu mwenye madoa mazuri kama kitenge, anafyonza punje mpaka zinakuwa chapwa. Kunguni huyo hutaga mayai yake chini ya jani, meupe, yamepangwa mistari kama vyungu vidogo sokoni. Sasa yule nyigu akiyakuta, anapanda juu ya kila yai na kuingiza yai lake yeye. Mtoto wa nyigu anamla mtoto wa kunguni humohumo ndani. Yai linabadilika, linakuwa la kijivu, halafu jeusi, na anayetoka ni nyigu. Kunguni akianguliwa hufungua kifuniko taratibu, kama mtu anayefungua sufuria. Nyigu hutafuna tundu, na kingo zake hubaki zimechakaa. Baba alinifundisha kutofautisha ganda na ganda kabla sijajua kusoma saa.

Zamani hizo chama cha ushirika kilikuwa kinawapa wakulima dawa ya kupulizia. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakawa wanafika na mizani yao mpaka uani, dawa ikawa ya mwenye uwezo wake, na jirani yetu aling'oa kahawa yote akapanda nyanya. Kila kitu ruksa, wakubwa walisema, wengine kwa furaha, wengine kama watu wanaotukana. Sisi watoto tulifurahi, maana hata pipi zilikuja na rangi mpya. Kwa Baba mambo yale yalikuwa na maana nyingine. Kituo kilikuwa kinapunguza watu, na chumba cha wadudu kilikuwa kimeshaahidiwa mtu mwingine. Aliyekuwa amekishikilia ni mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye nywele fupi, aliyekuja na mradi wa nyigu. Sisi tulimwita Mama Darubini, kwa sababu alipofika kwetu mara ya kwanza alituonyesha mguu wa inzi, na Upendo, mdogo wangu, akalia kwa hofu.

Huyo Mama Darubini ndiye aliyemwambia Baba kwamba katika nyigu anaowaleta kutoka mashamba ya juu, wamo ambao huenda hawajawahi kuandikwa popote. Wageni kabisa kwenye vitabu. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Kama ni mpya, nitampa jina lako."

Baba alirudi siku ile kama mtu aliyekunywa. Hakuwa amekunywa.

Lazima nieleze kwa nini jina lilikuwa jambo kubwa kwetu. Nyumba yetu ilikuwa ya wasichana. Mimi wa kwanza, Upendo wa pili, na Rehema mchanga mgongoni kwa Mama. Baada ya Rehema, hospitalini walimwambia Mama asizae tena. Na kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa na mwana wa kiume. Jina la baba huendelea kwa mwana wa kiume. Sisi tungeolewa, tukaitwa kwa majina ya watu wengine huko mbele.

Bibi, mama yake Baba, alikuja mchana mmoja wakati Mama amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilikuwa nyuma ya jiko namenya ndizi, na wakubwa hudhani mtoto anayemenya ndizi hana masikio. Bibi alikuwa anakula loshoro, bakuli mapajani. Waliongea Kimeru, lakini nakumbuka kila neno.

"Kule Nduruma yupo mwanamke," Bibi alisema. "Mjane. Ana afya, na wote aliozaa ni wavulana. Nimeshaongea na watu wake."

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa. Nitatengwa na meza ya Bwana."

"Utatengwa, utatubu, utarudishwa. Wangapi wamerudishwa, tena wanaimba kwaya! Lakini ukifa leo, kihamba hiki wanakichukua watoto wa kaka yako, na wewe itakuwa kama hukupita hapa duniani."

"Jina langu linaingia kwenye kitabu, Mama."

"Kitabu gani?"

"Cha wadudu. Watu wa dunia nzima watakisoma."

Bibi alitafuna kwanza akamaliza. "Na hicho kitabu kitachunga ng'ombe? Kitanibeba siku ya kunizika?"

Baba akacheka, lakini Bibi hakucheka. Ndipo Baba akasema, taratibu, "Nipe mpaka masika. Jina likiingia kitabuni, usiniambie tena habari za Nduruma. Lisipoingia, tutaongea."

"Hatutaongea. Utakwenda."

Nilingoja Baba akatae. Hakukataa. Nilisikia tu kijiko cha Bibi kikikwangua bakuli.

Basi tangu siku ile nilijua jambo ambalo mtoto wa umri wangu hakupaswa kulijua: mdudu yule akipata jina, Baba anabaki. Asipolipata, Baba anashuka Nduruma. Ukisimama kwenye kona ya kihamba chetu asubuhi, Nduruma unaiona kule chini, tambarare yenye vumbi, mabati yakimetameta. Nilikuwa napapenda kabla ya hapo. Nilifikiri ni ziwa.

Na palikuwa na tatizo moja tu, Mama Darubini alisema. Nyigu wetu alikuwa na ndugu yake aliyekwisha kuandikwa zamani, na majike ya hao wawili yanafanana kama mapacha. Tofauti inaonekana kwa madume. Bila dume hawezi kusema huyu ni mpya. Na dume hakuna aliyemwona. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka masika yakianza.

"Tutampata," Baba akamwambia. "Nina binti wa kwanza mwenye macho, huyu hapa."

Baba alikuwa akiniita "mama", kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. Siku hiyo jioni, jua bado lipo, alinikalisha mlangoni na kioo cha kukuzia na kichupa chenye nyigu.

"Haya mama, nieleze. Nieleze kama vile mimi ni kipofu."

"Ni mzuri, Baba."

"Mzuri siyo kitu. Hata lori la mchanga kuna mtu analiona zuri. Kichwa kikoje?"

"Kipana. Kimepita mabega."

"Ehe."

"Mabawa yana vinywele pembeni. Miguu ina rangi ya asali. Na vipapasio vyake vimepinda katikati kama kiwiko, halafu mwishoni vimenenepa." Nikaangalia tena. "Baba! Ana rungu!"

"Rungu?"

"Ana marungu mawili kichwani! Huyu ni dume! Tumempata!" Nikachukua kichupa kingine. "Na huyu! Na huyu! Baba, hawa wote ni madume, Mama Darubini hajaona vizuri!"

Ningefikiri nini kingine? Sokoni kwetu, kwa Waarusha walioteremka kutoka upande wa pili wa mlima, mwenye rungu ni mwanamume, mwenye shanga ni mwanamke. Hata mtoto wa kunyonya alijua hivyo.

Baba alicheka mpaka akaegemea mlango. "Hapana, mama. Kwa hawa mambo yamegeuzwa. Mwenye rungu ndiye jike. Analigonga juu ya yai kama mwanamke anayegonga chungu sokoni kusikia kama kina ufa, ndipo ajue linafaa. Dume ndiye mwenye shanga. Vipapasio vyake virefu, vina vifundo vifundo mpaka mwisho, kama mkufu."

"Dume anavaa shanga?" Upendo akauliza.

"Anavaa."

"Na haoni aibu?"

Mama, aliyekuwa anapepeta maharage, akasema bila kuinua macho, "Umeona? Hata huko wanawake ndio wenye kazi."

Nikaanza kumtafuta mwenye shanga. Nikitoka shule navua viatu, naingia kwenye kahawa, nageuza majani moja moja huku shingo imekakamaa. Upendo alibeba kikapu. Mayai meusi tuliyakata na kipande chake cha jani tukampelekea Baba. Kila jioni vile vichupa vililia mfukoni mwake akirudi, kila jioni tuliketi mlangoni, na kila jioni ni rungu, rungu, rungu. Nilifikia mahali nikiona mwanamume wa Kiarusha na rungu lake barabarani namchukia bure.

Kahawa ilichumwa ikaisha. Upepo ukabadilika. Bibi akawa anapita kwetu mara kwa mara, anasimama uani anaangalia mawingu upande wa mashariki, anasema, "Mwaka huu masika yanawahi," halafu anaenda zake. Shikamoo zetu aliziitikia huku amegeuka.

Ndipo Baba akapata wazo. Alituambia wakati wa uji, macho yake yanang'aa.

"Nyigu jike akikutana na dume, anazaa mchanganyiko. Lakini asipokutana na dume kabisa, bado anataga, na wote wanaotoka ni madume. Matupu! Nyigu wengi wameumbwa hivyo. Mbona sikufikiri mapema? Nikimtenga kila mmoja tangu anapotoka kwenye yai, asione mwenzake, watoto wake lazima wawe wenye shanga."

Mama aliacha kukoroga. "Rudia hapo. Asiyeolewa ndiye anazaa wavulana?"

"Watupu."

"Na mimi niliyeolewa kanisani kwa kengele na shela nikaambulia hawa watatu."

Tulicheka sote. Baba alicheka, Upendo alicheka bila kuelewa, mimi nilicheka uji ukanipalia. Mama aliacha kucheka kabla yetu.

Kituoni umeme ulikuwa haueleweki, kwa hiyo Baba aliwaleta nyumbani. Kila yai jeusi alilikata peke yake, akalitia kwenye kichupa chake, akaziba na pamba. Vichupa akavipanga ndani ya boksi la sabuni kwenye rafu ya chumbani, mahali penye joto. Nyigu alipotoka, alijikuta peke yake kwenye nyumba ya kioo. Baba alimpakia mstari wa asali ukutani, na baada ya hapo akamwingizia mayai mabichi ya kunguni. Nyigu alipanda juu yake mara moja, bila kufundishwa, akagonga na marungu yake, gonga, gonga, akainama akaingiza mwiba wake.

Niliwahurumia sana. Hawajawahi kumwona mwenzao hata mmoja. Asubuhi kabla ya shule nilifunua boksi nikawasalimia wote kwa pamoja, wasijione wamesahaulika. Na Jumapili, watoto wenzangu walipoombea mitihani na wagonjwa, mimi nilifumba macho nikaomba shanga.

Baba alikuwa na hakika. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma nikiikumbuka. Alitembea kama mtu aliyekwisha kupata. Alianza kujaribu jina lake likiwa na mkia wa kigeni aliofundishwa na Mama Darubini, analitamka akichota maji ya ng'ombe, akilivuta kama wimbo. Alimnunulia Mama leso ya kichwa. Mama aliipokea, akaiweka sandukuni, hakuivaa. Jioni moja nilimkuta ameketi jikoni mikono imelala mapajani, nikamweleza moyoni kama nilivyofundishwa kueleza nyigu: uso mwembamba, midomo imebanwa, jicho la kushoto linacheza. Sikuweza kusema huyo ni mtu wa aina gani. Sasa naweza. Alikuwa mtu aliyeacha kungoja kabla yetu sote.

Mayai yale yakawa ya kijivu. Yakawa meusi.

Siku walipotoka nilikuwa nimewahi kurudi kutoka shule. Nilifunua boksi nikaona kitu kinatembea juu ya kioo. Na kichupa cha pili. Na cha tatu. Nikabeba boksi lote mpaka mlangoni kwenye mwanga, nikachukua kioo cha kukuzia.

Rungu.

Nikasema labda nimeanzia pabaya. Nikashika kingine. Rungu. Nikafuta kioo na sketi, nikapita kichupa baada ya kichupa, na kila mtoto aliyetoka humo alikuwa na rungu, wasichana watupu, waliozaliwa na mama ambaye hajawahi kumwona mwanamume.

Na hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipokwenda njia yake. Nilifikiri hivi: kumbe hawana dume kwa sababu hawamhitaji! Mama anazaa binti, binti anazaa binti, na kabila lao lipo, limejaa kahawa nzima, halijafutika! Kwa hiyo nyumba ya wasichana inatosha. Mungu mwenyewe amesema, ameandika kwenye wadudu. Jamani, furaha niliyoipata! Nilisahau kabisa habari za kitabu. Niliona nimepata jibu kubwa kuliko jina, jibu ambalo Bibi mwenyewe akilisikia atainamisha kichwa.

Nikakimbia. Baba alikuwa kwenye kahawa ya chini, na Bibi alikuwa amesimama karibu naye, mkono kiunoni.

"Baba! Wametoka!"

Akanyooka. Nilimwona akivuta pumzi. "Wana shanga?"

"Rungu! Wote wana rungu! Baba, hawahitaji dume kabisa! Wanazaa wasichana peke yao na wanatosha! Wasichana watupu, Baba, na ukoo wao unaendelea!"

Nilikuwa natweta na kucheka. Nilingoja anibebe juu. Bibi, ambaye Kiswahili changu cha mbio hakikumfikia, aliuliza, "Anasema nini huyu?"

Uso wa Baba ulikuwa kama nyumba ambayo mtu anazunguka ndani akifunga dirisha moja moja.

"Anasema wadudu wametoka," akamjibu.

Akapanda nyumbani, mimi nyuma yake. Aliketi mlangoni akaangalia vichupa vyote mpaka cha mwisho, halafu akaanza upya, na mara hii alikuwa anaviangalia haraka kama mtu anayetafuta kitu alichokwisha kujua kimepotea. Kisha akaweka kioo chini.

"Umeeleza vizuri, mama," akasema. "Hukukosea hata mmoja."

Mama Darubini alipita kuaga, gari lake limejaa masanduku. Alivitazama vichupa muda mrefu. Alikuwa na huruma, siwezi kumsingizia.

"Hawa ni majike matupu," alisema. "Hutokea, si mara nyingi. Bila dume siwezi kuwatenga na yule ndugu yao. Itabidi niwaandike kwa jina lake, lile la zamani."

"Ni jina la nani?" Baba akauliza.

"Mtu mmoja wa makumbusho ya Ulaya. Zamani sana."

"Aliwahi kufika huku?"

"Sidhani." Akashika mkono wa Baba. "Lakini si kazi bure. Nitaandika kwamba hapa Meru wanazaa bila dume. Nitaandika jina la mlima."

"Mlima una jina tayari," Baba akasema. Akamsaidia kufunga mlango wa gari, maana ulikuwa mbovu, unataka kuinuliwa.

Baada ya wiki hiyo kituo hakikumhitaji Baba tena. Mvua ikaanza kama Bibi alivyosema. Aliendelea kuja, lakini hakutazama tena mawingu. Aliketi jikoni akanywa chai, akamsifu Rehema kuwa amenenepa.

Baba alipoondoka ilikuwa mchana, mvua imepumzika. Mama ndiye aliyempangia nguo. Alizipiga pasi zote, hata zile za shamba, akazikunja kwenye begi na kulifunga zipu. Hakuna aliyepaza sauti. Baba alitushika vichwa mmoja mmoja.

"Nitakuwa nakuja," akasema.

"Lini?" nikauliza.

"Nitakuja, mama."

Upendo alikuwa na yake. "Baba, kule Nduruma ndiko waliko wenye shanga?"

Mama aligeuka akaingia ndani. Baba akainua begi. Njia ilikuwa na utelezi, alishuka ubavu akishika migomba. Mfukoni mwake hakukuwa na kitu cha kugongana.

Kule alimpata mwana wa kiume. Ni kijana mpole, ana macho ya Baba. Tukikutana mjini hunikimbilia, "Shikamoo dada," na hubeba mzigo wangu bila kuombwa. Sina neno naye. Baba mwanzoni alikuja Jumapili, akikaa kwenye kiti cha wageni, halafu Jumapili zikaachana, halafu zikaisha. Amezikwa kule kwenye vumbi. Jina lake waliliandika kwa rangi nyeupe kwenye msalaba wa mbao, na mchwa wa kule hawachagui ubao. Kihamba chetu, mwana huyo akiwa bado mdogo, kilichukuliwa na watoto wa baba mkubwa, wakang'oa kahawa yote, kwa hiyo hata wale nyigu sijui walikwenda wapi, na sina wa kumuuliza. Nyigu asiyemuuma mtu hakuna anayemkumbuka.

Lakini nilitaka kusema habari za jioni ile ya kwanza, kabla hayo mengine hayajawa. Mama alikuwa amelala na kanga usoni kabla jua halijazama, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu. Upendo alimbeba Rehema wakawa wanazunguka meza. Ng'ombe alikuwa ameshaingia zizini mwenyewe na amesimama akiangalia nyuma, kwa sababu lango lilikuwa wazi. Lango la zizi hufungwa na mwanamume wa nyumba. Hakuna aliyetuambia hivyo, ilikuwa hivyo tu, sikuwahi kuona mkono wa mwanamke ukiligusa jioni.

Nilisimama pale mpaka kilele cha mlima kikapotea. Nilikuwa bado nasikiliza njia. Halafu nikainama, nikaushika mti wa kwanza wa lango, ukaniteleza kwa maji ya mvua, nikaushika tena. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikaingiza ncha moja kwenye tundu lake, nikazunguka, nikaisukuma ncha ya pili kwa bega mpaka ikaingia. Nikaweka wa pili. Nikaweka wa juu, nikisimama kwa vidole vya miguu. Nikalitikisa lango kuona kama limeshika.

Lilikuwa limeshika.